Samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi dogo la nyumbani: maswali na majibu

Ni samaki gani wa Ziwa Tanganyika anayefaa tangi la lita 54?

Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30 hubeba lita 54. Mchanga na mawe yakishawekwa, maji hubaki pungufu ya hapo. Samaki wengi wa ziwa hilo hukua kupita nafasi hiyo, au hugombania eneo mpaka wakauana. Anayefaa ni *Neolamprologus multifasciatus*, samaki mdogo wa ukoo mmoja na sato na perege. Dume hukomea karibu sentimita 5, na jike ni mdogo zaidi. Makao yake ziwani ni makombe matupu ya konokono aina ya *Neothauma* yaliyorundikana chini ya maji. Humo hujificha, hutaga na kulea watoto wake.

Dume mmoja na majike watatu wanatosha kuanzia. Kila mmoja apate makombe mawili au zaidi, na chini uwekwe mchanga laini wa kina cha sentimita 5, kwa kuwa samaki hawa huchimba mchana kutwa. Makombe ya konokono wa bustanini hufaa, mradi yachemshwe na kusuuzwa vizuri.

Maji yao yana sifa gani?

Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, unaoelekea Kongo. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke, nayo madini hubaki. Mto Ruzizi nao huingiza madini mengi kutoka Ziwa Kivu. Ndiyo sababu maji ni magumu, pH yake iko karibu na 9, na joto la juu ya ziwa halitoki sana nje ya nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima.

Nyumbani, pH ya 8.3 hadi 9 isiyoyumba inatosha. Njia iliyo rahisi ni kutumia mchanga wenye chokaa, kama ule mweupe wa matumbawe unaopatikana pwani, uliooshwa mpaka chumvi ikaisha. Mchanga wa namna hiyo hutoa povu ukidondoshewa siki. Usiotoa povu hausaidii kitu. Maji ya mvua peke yake hayafai kujazia tangi jipya, maana hayana madini.

Kwa nini samaki hufa katika wiki za mwanzo ilhali maji yanang'aa?

Hapa ndipo matangi mengi huharibikia, na lawama hutupiwa aliyeuza samaki bila sababu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Haionekani kwa macho. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitraiti, na kundi la pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo ikiwa haijalimbikizana. Bakteria hao hukaa katika sifongo ya chujio, juu ya mchanga na juu ya mawe. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, na huchukua wiki nne hadi sita kuwapata.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari hii ni kubwa kuliko kwa wengine. Amonia huwa majini kwa sura mbili, moja kali na nyingine isiyodhuru sana, na pH ndiyo huamua mgawanyo wake. Katika joto la nyuzi 25 na pH ya 7, sura iliyo kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 hufikia kama asilimia 5. pH ikiwa 9 hupita theluthi moja. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia humchoma huyu matamvua kwa siku moja. Nitraiti nayo huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, hata samaki akahema juujuu katika maji yenye hewa tele.

Kwa hiyo tangi huwashwa bila samaki. Chujio na pampu ya hewa hufanya kazi usiku na mchana, chembe za chakula hudondoshwa kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria, na maji hupimwa kwa vipimo vya matone. Amonia ikipanda kisha ikashuka, nitraiti ikafuata njia hiyohiyo, na zote mbili zikabaki sifuri, samaki wanaweza kuingia. Sifongo chafu kutoka tangi la jirani lenye samaki wazima hufupisha safari hiyo sana.

Maji yabadilishwe mara ngapi?

Asilimia 15 hadi 20 kila wiki, yakiwa na joto na pH sawa na ya tangini. Kubadilisha nusu ya maji kwa mkupuo mmoja baada ya miezi ya uzembe ni hatari: pH ya tangi lililotelekezwa huwa imeshuka, na ikipandishwa ghafla amonia iliyokuwa imetulia hugeuka kali.

Maji ya bomba hutiwa klorini inayoua bakteria wa chujio na kuunguza matamvua. Klorini ya kawaida hutoka maji yakiachwa katika ndoo wazi kwa saa 24, hasa yakipulizwa hewa. Kloramini haitoki hivyo, na huhitaji dawa maalumu. Sifongo isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, kamwe isiwe chini ya bomba.

Joto na kukatika kwa umeme?

Dar es Salaam na Mombasa hita haina kazi kubwa. Tatizo ni joto kupita kiasi. Maji ya nyuzi 25 hushika kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hushika pungufu. Feni inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi mbili au tatu. Maji yanayopungua kwa mvuke huacha madini, hivyo hapa maji ya mvua hufaa kujazia pengo. Nairobi, Arusha na Mbeya, hita yenye kidhibiti ni ya lazima.

Umeme ukikatika, kulisha kusimamishwe na pampu ya betri iwashwe. Chujio lililofungwa likikaa saa kadhaa bila mkondo, bakteria hukosa hewa na kufa; maji yaliyomo yamwagwe kabla ya kuliwasha tena.

Chakula?

Kidogo mara mbili kwa siku, kile kinachomalizwa ndani ya dakika mbili, chenye chembe ndogo. Siku moja ya kufunga kila wiki haina madhara.

Madoa meupe mwilini ni ugonjwa gani?

Madoa kama chembe za chumvi, pamoja na kujikwaruza kwenye mawe, kwa kawaida ni kimelea *Ichthyophthirius*. Akiwa chini ya ngozi ya samaki dawa haimfikii. Hufa pale tu anapoogelea huru kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana matibabu hurudiwa na kuendelea siku kadhaa baada ya madoa kutoweka. Kabla ya dawa yoyote amonia na nitraiti zipimwe, kwa kuwa samaki wengi wanaodhaniwa wagonjwa wamedhurika kwa maji. Mgeni yeyote akae tangi la pembeni wiki tatu au nne kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Wakizaana kupita kiasi?

Watazaana, kwa kuwa watoto hukua humohumo miongoni mwa wakubwa bila kufukuzwa. Tangi la lita 54 likijaa, nitreti hupanda upesi na ugomvi huongezeka. Waliozidi wapewe wafugaji wengine au wauzwe. Wasitupwe mtoni, bwawani wala ziwani, hata Tanganyika kwenyewe, kwa sababu samaki wa tangini huweza kubeba vimelea ambavyo samaki wa huko hawajawahi kukutana navyo.