Kufungua na Kufunga Kiungio cha Cheni ya Baiskeli

Swali: Msomaji wa Mbalizi anauliza namna ya kuvua na kurudisha cheni ya baiskeli isiyo na gia bila kuikata.

Jibu: Cheni hiyo, ambayo pini zake zimeachana kwa milimita 12.7, hukamilishwa na kiungio, yaani kipande chenye pini mbili, bamba la pembeni na kibanio chembamba chenye umbo la samaki. Wakati wa kufungua, mkia wa kibanio husukumwa kwa koleo kuelekea kichwani, huku kiganja kikikizuia kisiruke na kupotea, kisha bamba hutolewa na pini huchomolewa. Wakati wa kufunga, ncha za cheni hukutanishwa juu ya meno ya gurudumu la nyuma, ambayo huzishikilia, pini na bamba hurudishwa, na kibanio huwekwa upande wa nje, kichwa chake kikielekea cheni inakokwenda, yaani mbele ikiwa kiungio kipo sehemu ya juu. Hapa ndipo pa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mkia ulio wazi ukitangulia huweza kukwama na kufunguka, na katika barabara ya Tunduma, baiskeli ikiwa imebeba gunia la viazi, cheni inayoachia ghafla huweza kumwangusha mwendeshaji mbele ya malori. Kibanio kilicholegea kisirudishwe kamwe.