Imbwa ya kulinda shamba haitoshewe na bugali tupu

Ndugu wanakoperative, imbwa anayelinda mbuzi na mahindi yetu usiku anahitaji nguvu. Bugali inajaza tumbo tu, haijengi mwili.

Juu ya bugali yake, ongeza konzi moja ya ndagala ao sambaza bila chumvi, ao yai la kupika, ao maharagi yaliyoiva sana. Boga la kupika pia ni zuri.

Angalisho:
- Usitie kitunguu: kinaharibu damu yake.
- Mifupa ya kuku iliyopikwa inatoboa matumbo.
- Matumbo ya mbuzi, upike kwanza; mabichi yanaleta minyoo.
- Unga wenye ukungu, usiseme «hii ni ya imbwa». Sumu yake inaharibu maini, inaweza kumuua.

Imbwa akikufa, nani atalinda mbuzi?