Ganda Lisilo na Nasaba: Somo Kuhusu Risasi Kuukuu na Hatari ya Kuzijaza Upya



Visiwa vya Wabajuni vimejipanga baharini kutoka upande wa Kismayu kuelekea kusini, mpaka karibu na Ras Kiamboni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Wakazi wake wana jamaa Kiunga, Faza na Lamu, na mpaka uliochorwa kwenye ramani haujapata kukata udugu huo. Hata hivyo, njia ile ile ya bahari inayopitisha samaki, mikoko na harusi imepitisha pia silaha kwa zaidi ya karne moja. Tumeona inafaa katika toleo hili kutoa somo juu ya kitu kidogo ambacho wengi hukidharau, nacho ni risasi iliyookotwa, pamoja na ganda lake, mkanda wake na vifaa vyake.

Risasi imeundwaje

Katika mazungumzo ya kila siku twaita kitu kizima risasi. Wahenga wa pwani walikuwa na neno jingine, kiasi, kwa maana ya kitu kizima chenye sehemu zake, na neno risasi likabaki kuwa jina la madini yenyewe. Tofauti hiyo ni nzuri kwa somo letu, kwa kuwa kiasi kina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, la shaba au la chuma. Ya pili ni fataki, kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Ya tatu ni baruti iliyomo ndani. Ya nne ni risasi yenyewe, ile ncha inayoruka.

Sehemu ya kuogopwa kuliko zote ni fataki, ingawa ni ndogo kuliko zote. Haihitaji bunduki ili iwake. Msumari, jiwe, koleo au joto la jiko vyaweza kuiwasha. Kiasi kikilipuka nje ya bunduki, hakuna mtutu wa kukishikilia, basi ganda lenyewe hupasuka na vipande vyake hurushwa kila upande. Vipande hivyo ndivyo vinavyopofua macho na kukata vidole, hasa vya watoto, maana mtoto hukiinamia kitu anachokigonga.

Waliozoea gobori hudhani kwamba baruti ni baruti. Sivyo. Baruti nyeusi iliyoshindiliwa katika gobori kwa mkono, na baruti isiyo na moshi iliyomo katika risasi za leo, ni vitu viwili tofauti. Aina za baruti za leo nazo hutofautiana kwa kasi ya kuwaka. Kipimo kilicho salama kwa aina moja chaweza kuupasua mtutu kwa aina nyingine. Aidha, ikitiwa baruti haba, risasi yaweza kukwama ndani ya mtutu, na itakayofuata ikagota hapo, mtutu ukapasuka usoni mwa mpigaji.

Wanaojaza upya, na kwa nini mfano wao haufai kwetu

Vijana wetu huona katika simu zao picha za watu wa nchi za mbali wakijaza maganda upya mezani kwa utulivu kabisa. Ni kweli kwamba jambo hilo lipo. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1980 katika jimbo la California, ulizuka mchezo wa kulenga shabaha ambao wachezaji wake huvaa mavazi ya wachunga ng'ombe wa karne ya 19, hujipa majina ya kubuni, na hutumia bastola na bunduki za mtindo wa zamani. Wengi wao hujaza upya maganda waliyokwisha kuyatumia ili kupunguza gharama.

Lakini na tuyatazame yale yasiyoonekana upesi katika picha. Mchezaji huyo analijua kila ganda lake: amelinunua jipya, amelipiga yeye mwenyewe, na akiona ufa hulitupa. Baruti yake imetoka dukani ikiwa na jina lake na vipimo vilivyochapishwa na mtengenezaji. Anayo mizani ya kupimia chembe. Risasi yake ni ya madini laini, iendayo polepole. Macho yake yamefunikwa kwa miwani ya kinga, na uwanja una wasimamizi. Zaidi ya hayo, sheria ya nchi yake yampa ruhusa.

Ganda lililookotwa ufukweni lina nini katika hayo? Halina hata moja. Ni ganda lisilo na nasaba. Hatujui lilitengenezwa lini, lilipigwa mara ngapi, wala limelala miaka mingapi katika chumvi. Hata maganda ya bunduki za AK, ambayo ndiyo yaliyotapakaa zaidi, mengi ni ya chuma na hayakuundwa ili yajazwe tena. Anayejaribu kuyajaza anajitengenezea bomu dogo karibu na shavu lake.

Miaka iliyolala mchangani

Tunasema nasaba kwa sababu pwani hii imepitiwa na vita vingi, na kila vita viliacha mabaki yake.

Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yaliafikiana kuzuia uingizaji wa bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Visiwa vya Wabajuni vilikuwa ndani ya eneo hilo. Yaani hata babu wa babu zetu walikuta biashara ya risasi imekwisha kuwa tatizo katika maji haya. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Juba pamoja na Kismayu. Februari 1941, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Uingereza yakiwa na askari wengi Waafrika yaliutwaa mji huo kutoka kwa Waitalia. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, mji ukapiganiwa na makundi mbalimbali mara kwa mara. Na mwaka 2012 majeshi ya Kenya na ya Somalia yakaingia Kismayu kuwaondoa Al-Shabaab.

Basi kitu kinachofukuliwa na wimbi chaweza kuwa cha mwaka juzi au cha miaka 80 iliyopita. Wengi huamini kuwa maji ya bahari huua risasi. Imani hiyo ni ya hatari. Risasi nyingi za kijeshi huzibwa kwa rangi ili maji yasiingie, na ganda lililoliwa na kutu kwa nje laweza kuwa na fataki hai ndani. Baruti iliyochakaa kwa joto nayo hubadilika tabia, na hakuna jicho la mtu liwezalo kuitambua.

Chubwi, shaba na jiko la nyumbani

Kuna sababu nyingine inayowafanya watu waokote risasi, wala si ya vita. Mvuvi anataka chubwi la mshipi wake, na madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la makaa hulifikia. Mwingine anataka shaba ya ganda aiuze kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Tunaielewa haja hiyo, kwa maana riziki ni ngumu. Lakini ncha za risasi za kijeshi hazifanani. Zipo zenye chuma ndani, na zipo zenye dawa ya kuwaka ili njia yake ionekane gizani. Hiyo ikitiwa motoni huwaka. Na hata pale isipowaka, moshi na vumbi la madini ya risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha madini hayo katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwa akili na kwa ukuaji. Sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi kamwe kupikia wali. Jiwe lililotobolewa au kipande cha chuma kizito kitazamisha mshipi bila kumdhuru mtu.

Sheria inasemaje

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na cheti chenyewe hutaja idadi ya risasi zinazoruhusiwa. Kutengeneza risasi kwa biashara kunahitaji leseni, na baruti inasimamiwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kwa hiyo risasi moja iliyosahauliwa katika mfuko wa kanzu yaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Kwa upande wa Somalia, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya silaha kwa azimio namba 733 la Januari 1992. Desemba 2023 vikwazo hivyo viliondolewa kwa serikali ya Somalia. Wapo wanaodai kwamba tangu hapo biashara ya risasi ni halali kwa kila mtu. Hilo si kweli. Serikali ndiyo iliyofunguliwa mlango, si nahodha wala mchuuzi, na vikwazo dhidi ya Al-Shabaab viliendelea.

Vifaa navyo vina neno. Mkanda wa risasi, beti, au ala ya bastola iliyookotwa huonekana kitu cha kufaa kubebea visu na ndoana. Lakini askari wa doria anayekitazama chombo chenu kwa mbali, alfajiri, hawezi kujua kilichomo ndani ya beti. Msijitie katika shaka isiyo na faida.

La kufanya

Ukiona risasi, kombora, bomu la mkono au kitu usichokijua: usiguse, usisogeze, usirushie jiwe. Rudi kwa nyayo zako zile zile. Weka alama mbali nacho, wazuie watoto, kisha toa taarifa.

Kikinaswa na jarife au wavu, usikipakie chomboni. Ni uchungu kukata wavu, lakini wavu hushonwa. Shika alama za mahali na uwaarifu wenzako.

Tunajua kwa nini wengi hunyamaza: wanaogopa kwamba mwenye kutoa habari ndiye atakayeshikwa. Ndiyo maana tunasisitiza kuwa usikilete kitu chenyewe kituoni. Lete habari ya mahali kilipo. Waweza kufuatana na mzee wa mtaa, imamu, mwenyekiti wa wavuvi au mwakilishi wa Nyumba Kumi. Kwa walio Somalia, wapelekeeni habari wazee na polisi, ili ziwafikie wataalamu wa kutegua vilipuzi. Nasi askari tuna wajibu wa kumpokea mleta habari kwa heshima na kumsikiliza kabla ya kumhoji, kwa kuwa akivunjwa moyo mmoja, kijiji kizima kitanyamaza.

Wazazi, msione haya kuwanyang'anya watoto maganda wanayochezea. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Maswali ya kuzungumzia barazani

1. Kwa nini ganda la mchezaji wa mbali halilingani na ganda lililookotwa ufukweni?
2. Ni sehemu gani ya risasi iwezayo kulipuka bila bunduki, na ni kazi gani za nyumbani ziwezazo kuiwasha?
3. Katika kijiji chenu, ni nani aaminiwaye na watu kupeleka habari kwa polisi, na ni nini kinachomzuia?
4. Wavuvi wenu hupata wapi chubwi, na wawezaje kulipata bila kuyeyusha risasi?