Kumchunguza Mtaalamu wa Kupanga Vitu Kabla ya Kushirikiana Naye

Nchini Marekani, kazi ya kupanga vitu majumbani haihitaji leseni ya serikali. Mtu anaweza kuchapisha kadi leo na kesho akaanza kutafuta wateja. Akipanga kabati la nguo vibaya, hasara ni ndogo. Lakini katika nyumba ya mtu anayelimbikiza vitu hadi milango haifunguki, kampuni ya usafi inayomshirikisha mtaalamu huyo wa kupanga bila kumchunguza hubeba makosa yake, na anayeumia zaidi ni mteja.

Uchunguzi uanze na swali moja: mteja akikataa kuachia kitu, utafanyaje? Tangu 2013, DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, umeuhesabu ulimbikizaji kuwa ugonjwa unaojitegemea, na dalili yake kuu ni ugumu wa kuachana na vitu hata visivyo na thamani. Kwa hiyo kuzoa kila kitu kwa siku moja huondoa vitu tu. Ugonjwa hubaki, na mara nyingi nyumba hujaa tena, huku mteja akiwa hamwamini tena yeyote. Anayejibu kwamba atavitoa mteja akiwa hayupo amekwisha kujieleza. Anayefaa ataeleza anavyoshirikiana na mtabibu, na wakati gani husimamisha kazi. Aseme pia amefanya kazi hadi ngazi ipi kati ya tano za kipimo cha mrundikano cha taasisi ya Institute for Challenging Disorganization, ambacho huangalia njia za kutokea, wanyama na wadudu, hata vifaa vya kujikinga. Bima aioneshe kwa maandishi. Hapo hakuna mjadala.

Wapo watakaosema cheti kinatosha. Cheti kinaonesha kwamba mtu amesoma, na hilo si dogo, ila hakioneshi atakavyozungumza na mtu anayelia juu ya rundo la magazeti. Pingamizi zito zaidi ni la muda: zimamoto wameweka tarehe ya mwisho, au notisi ya kuhama imetolewa. Hata hivyo, hatari ya haraka huwa kwenye njia za kutokea, jiko na vyanzo vya joto, na mtaalamu mzuri huanzia hapo, mengine yakasubiri.

Mkitaka ushahidi wa kazi zake, msiombe picha za nyumba za wateja. Anayezitoa upesi atatoa na za mteja wenu. Ulizeni watabibu na kampuni alizofanya nazo kazi, kisha andikeni katika mkataba ni nani mwenye idhini ya mwisho ya kutupa kitu.