Kung'oa Mkorosho Mzee

Ndugu mkulima wa Nachingwea na Ruangwa, katika Mpango wa Karanga wa 1947 hadi 1951 pori la Nachingwea lilifyekwa kwa matrekta. Wewe huna trekta, lakini mti wenyewe ni wenzo. Basi usiukate chini kwanza, kama wafanyavyo wengi, wakabaki kuhangaika na kisiki. Chimba kandokando, kata mizizi ya pembeni, ndipo ufunge kamba juu. Kwa mvuto ule ule, kamba ya futi 12 kutoka ardhini hupindua mara 4 kuliko ya futi 3. Kamba na iwe ndefu kuupita mti, usije ukaangukiwa.

Kisiki kikisalia, tumia mtaimbo juu ya jiwe: mkono futi 5, kisiki futi 1. Nguvu huongezeka karibu mara 5, ila utashuka inchi 5 kukiinua inchi 1. Usiulalie mtaimbo, ukichomoka huvunja taya.