Watoto Wetu na Makaburi

Tarehe 1 Novemba twashangilia Watakatifu Wote; tarehe 2 twawaombea Marehemu Wote. Wazazi wengi waendapo makaburini huwaacha watoto nyumbani, wakihofu wataogopa. Lakini mtoto huogopa zaidi lile alilofichwa. Yafaa tumchukue, tumpe kazi yake: ang'oe majani, awashe mshumaa, ataje jina la babu kabla ya Baba Yetu.

Tena, tangu tarehe 1 hadi 8, Mkristo azuruye makaburi na kuwaombea marehemu, akitimiza masharti ya Kanisa, aweza kuzipatia roho za toharani rehema kamili.

Wazazi wapendwa, siku yetu nasi yaja. Asiyezoezwa leo kumwombea babu yake, kesho hatatukumbuka sisi.