Mpiga Picha wa Kuta Kuukuu

Katika nchi ya Ufaransa alikuwako mtu mmoja, jina lake Eugène Atget, aliyezaliwa mwaka 1857. Wazazi wake walikufa angali mtoto. Alipokuwa kijana alisafiri baharini, kisha akawa mchezaji wa michezo ya kuigiza, asisitawi. Ndipo akashika kazi ya kupiga picha mjini Paris.

Siku zile nyumba nyingi za kale za Paris zilikuwa zikibomolewa ili zipatikane njia pana. Atget aliona ya kuwa zikiisha kuanguka hakuna atakayejua zilivyokuwa. Basi tangu mwaka 1897 hivi alikuwa akitoka asubuhi na mapema, amechukua kamera yake ya mti yenye miguu mitatu, pamoja na vioo vizito vya sentimeta 18 kwa 24, kila picha na kioo chake. Aliitafuta milango iliyobanduka rangi, na ngazi zilizolika kwa nyayo za watu. Akiisha kufunua jicho la kamera alingoja, maana kioo kile kilipokea nuru polepole. Mtu aliyetulia alionekana. Aliyepita alitoka kama kivuli, au hakuonekana kabisa. Ndiyo sababu njia katika picha zake nyingi ni tupu.

Wala hakujisifu. Kibao cha mlangoni pake kilisema tu kwamba picha zake ni za kuwafaa wachoraji.

Mwaka 1920 aliiuzia serikali vioo 2,621 kwa faranga 10,000. Mwingine angalipumzika, yeye aliifuata miti na mizizi yake katika bustani za Saint-Cloud. Hata mwaka 1925, naye ni mzee wa miaka 68, alikwenda mara nyingi Sceaux, bustani ya kifalme kwa uzuri wake, lakini iliyoachwa siku nyingi, sanamu zake za mawe zimeshika ukoga. Pengine alifika saa moja asubuhi, akaiandika saa ile penye picha.

Mwaka 1927 mwanamke wa Kimarekani, Berenice Abbott, alimpiga picha yeye mwenyewe. Alipompelekea, alikuta mzee amekwisha kufa. Abbott akavinunua vioo na picha zilizosalia, akazitunza karibu miaka arobaini, hata zikanunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1968.